Neno Lililorudi Kutoka Shamba

Mwaka 1014, Waingereza walikuwa taabani. Wadenmaki walikuwa wameipiga nchi yao miaka mingi, wakichoma miji na kudai fidia ya fedha ili waondoke, kisha wakirudi kudai tena. Mfalme Æthelred alikuwa amekimbilia Normandy mwaka uliotangulia. Sweyn wa Denmark, aliyemfukuza, alifariki Februari, na ndipo wakubwa wa Uingereza wakamrudisha mfalme wao bila hakika kama atawafaa. Katika mwaka huo ndipo Wulfstan, Askofu Mkuu wa York, alipotoa mahubiri makali ambayo yanasomwa hadi leo.

Wulfstan alipenda kujiita kwa Kilatini Lupus, yaani Mbwamwitu, na siku hiyo aliuma kweli. Aliwashutumu watu kwa kuwauza ndugu zao utumwani ng'ambo, kwa kuvunja viapo, kwa kusaliti mabwana wao. Akawaambia kwamba dunia inakimbilia mwisho wake, na kadiri siku zinavyosogea ndivyo mambo yanavyozidi kuharibika. Kiini cha onyo lile kilikuwa neno moja fupi: wyrse. Kiingereza cha leo kinaliandika worse.

Neno hilo ndilo mama wa kitenzi worsen, ambacho mwanafunzi wa Kiingereza wa Tanga au Kisumu hukutana nacho kwenye habari za vita, magonjwa na uchumi. Hukisoma akadhani ni neno la kawaida tu, lililokuwapo na kutumika siku zote. Kumbe kitenzi hiki kilitupwa nje ya maandishi ya wasomi, kikakaa miaka mingi vijijini, kisha kikarudishwa mjini na watu wachache waliokuwa na hamu ya maneno yenye ladha.

Kwanza tuutazame ukoo wake. Kiingereza cha kale, kile cha akina Wulfstan, hakikuwa na neno bad. Kitu kibaya kiliitwa yfel, ambalo leo ni evil, na kilichozidi kwa ubaya kiliitwa wyrsa. Maneno hayo mawili hayakufanana kwa asili, lakini yalikuwa mke na mume. Neno bad lilijitokeza baadaye, mnamo karne ya 13, na mpaka leo asili yake inawashinda wanaisimu. Lilipoingia, lilimsukuma evil kando, akabaki na uovu wa moyoni na wa shetani, nalo likarithi worse kama mtu anayerithi shamba la marehemu pamoja na miembe yake. Kuna waliojaribu kumpatia bad mke wa ukoo wake, wakasema badder, na umbo hilo lilionekana vitabuni kwa karne kadhaa. Halikudumu.

Wanaisimu wengi wanalihusisha neno worse na mzizi wa kale wenye maana ya kuvuruga na kuchanganya, na wanasema mzizi huohuo ndio ulioizaa war, neno la vita. Kama ni hivyo, Wulfstan hakukosea kulichagua. Kwa watu wake, ubaya uliozidi na vurugu za vita vilikuwa jambo moja.

Kiswahili hakina maneno ya aina hiyo. Sisi hatuna kivumishi kimoja cha "baya zaidi". Tunasema hiki kibaya kuliko kile, au hali imezidi kuwa mbaya. Ubaya kwetu unabaki palepale, na kinachosogea ni kitenzi kuzidi. Mwingereza aliuweka mwendo huo ndani ya kivumishi chenyewe, kisha akatengeneza kitenzi kutoka humo. Wyrsa ikazaa wyrsian, kuwa mbaya zaidi. Katika karne ya 13 ikaonekana sura nyingine, wursnen, yenye sauti ya n ndani yake, na hiyo ndiyo iliyokuja kuwa worsen.

Sauti hiyo ndogo ina historia yake. Zamani ilikuwamo katika vitenzi vichache, kwa mfano fæstnian, kukaza, ambacho leo ni fasten. Wasemaji walipoisikia mara kwa mara wakaichukua kama kiambishi cha kawaida, wakaanza kuipachika mwishoni mwa vivumishi vingine. Nyeusi ikazaa blacken, nyeupe ikazaa whiten, nyekundu ikazaa redden. Lakini rangi ya kijani haikuzaa greenen, wala buluu haikuzaa bluen, kwa sababu kiambishi hiki hupenda kushika panapoishia konsonanti ngumu kama k, t, d au s. Worse inaishia na s. Kiambishi kikashika.

Msomaji wa Kiswahili ataona jambo jingine. Sisi tukisema hali imezorota, hatujamtaja aliyeizorotesha. Tukitaka kumtaja, tunaongeza kinyambuo na kusema vita vimeizorotesha hali. Kiingereza hakina adabu hiyo. Worsen hubeba yote mawili bila kubadilika: hali ilijiharibikia yenyewe, au mtu aliiharibu. Mwandishi anayetaka kuficha mkono wa mhusika hupata pazia zuri hapo, na mfasiri analazimika kuuliza: nani kafanya nini?

Basi kitenzi kilikuwa kimezaliwa, chenye afya, katika lugha ya wenyeji. Tatizo ni kwamba lugha ya wenyeji ilikuwa tayari imeshushwa hadhi. Tarehe 14 Oktoba 1066, William wa Normandy alimshinda Mfalme Harold wa Uingereza karibu na Hastings, na tangu hapo wenye mashamba makubwa, maaskofu na mahakimu wakawa watu wanaozungumza Kifaransa. Kiingereza kilibaki cha wakulima, wahunzi na wanawake sokoni. Ilichukua karibu miaka 300 kabla ya sheria ya 1362 kuagiza kesi za mahakamani ziendeshwe kwa Kiingereza kwa kuwa watu hawakuelewa Kifaransa, na kinaya ni kwamba sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa.

Kifaransa kilileta neno lake la kuzidisha ubaya. Kilatini kilikuwa na peior, baya zaidi, na kutoka humo Wafaransa wakapata kitenzi empeirer. Waingereza wakalipokea kwa matamshi mbalimbali, na katika karne ya 14 waandishi walilitumia kwa mali iliyopungua, jina lililochafuliwa na afya iliyodhoofika. Leo neno hilo ni impair. Ukilichambua utakuta maana yake halisi ni ileile ya worsen, kutia ubaya zaidi. Tofauti ilikuwa ya mavazi tu: moja limevaa joho la mahakama, jingine limevaa nguo za shambani.

Wimbi la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Katika karne ya 16 wasomi wa Uingereza walisoma Kilatini kwa bidii, wakarudi nyumbani na maneno kwa magunia. Wenzao waliokereka wakayaita maneno ya kidau cha wino, kwa maana kwamba yalinuka meza ya mwandishi na hayakuwahi kutoka kinywani mwa mtu. Thomas Wilson aliyakejeli katika kitabu chake cha ufasaha cha mwaka 1553. John Cheke, aliyekuwa mwalimu wa Kigiriki huko Cambridge, aliandika barua mwaka 1557 akitaka lugha yao iandikwe safi, bila kuchanganywa na za wageni, akionya kwamba mtu anayekopa kila siku bila kulipa mwishowe hufilisika. Hawakusikilizwa.

Katika magunia hayo na yaliyoyafuata yalikuwamo maneno matatu ya kuzidisha ubaya, na kila moja lilikuja na picha yake. Aggravate ilitoka kwenye gravis, zito: kuzidisha ubaya ni kuongeza mzigo juu ya mtu ambaye tayari amelemewa. Deteriorate ilitoka kwenye deterior, na ndani yake kuna de, chini: jambo linateremka. Exacerbate ilitoka kwenye acerbus, chungu au kali kama tunda bichi: jambo linazidi kukereketa ulimi. Hapa mtu wa pwani hahitaji kamusi. Akisema mambo yamechacha, ametumia picha inayokaribiana na ya Warumi, ya chakula kilichogeuka ladha. Akisema maji yamezidi unga, au jahazi linakwenda mrama, ana picha ambazo Warumi hawakuwa nazo.

Maneno hayo yalikuwa magumu kwa watu wa kawaida. Mwaka 1604 mwalimu mmoja aliyeitwa Robert Cawdrey alichapisha kijitabu chenye maneno magumu yapatayo 2,500, yaliyoelezwa kwa Kiingereza chepesi, na hicho ndicho kinachohesabiwa kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza. Aggravate lilikuwamo, likafafanuliwa kwa kusema ni kulifanya jambo liwe zito zaidi. Cawdrey hakuwa na haja ya kumweleza mtu yeyote maana ya worse. Hilo lilijulikana na mtoto.

Hata hivyo kitenzi worsen kilianza kukosa nafasi. Waliotafsiri Biblia ya 1611 kwa amri ya Mfalme James walifika kwenye habari ya mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, akamaliza mali yake yote kwa waganga na ugonjwa usipungue. Kwa nafuu aliyoikosa walitumia kitenzi kimoja kilichotoka kwenye better. Kwa ubaya uliozidi, hawakutumia ndugu yake. Waliunganisha kitenzi cha kukua na neno worse, karibu kama Kiswahili kinavyofanya kwa kuzidi kuwa mbaya. John Milton, kijana mkali aliyeandika vijitabu dhidi ya maaskofu, alikitumia kitenzi chenyewe mwaka 1641 akidai kwamba vyeo vya uaskofu viliwaharibu hata wachungaji wasomi. Milton alikuwa mtu wa kuchukua neno lolote lililomfaa, la Kilatini au la zizini. Waandishi wa karne iliyofuata hawakuwa na ujasiri huo.

Karne ya 18 ilikuwa ya kupanga na kusafisha. Wasomi wa London walitaka lugha yenye mipaka, na Samuel Johnson akawapa kamusi yake mwaka 1755, aliyoifanyia kazi miaka tisa hivi. Johnson alikuwa na sikio zuri na ulimi mchungu. Alipofika kwenye worser, umbo ambalo Shakespeare alilitumia bila haya, alilihukumu kuwa neno la kishenzi, lililozaliwa na mazoea ya kuongeza er mahali pasipohitaji. Lesser nalo alilitandika vivyo hivyo. Chini ya macho ya namna hiyo, mwandishi aliyejali heshima yake aliandika deteriorate na impair, akamwachia mkulima worsen yake.

Dharau hiyo imebaki ndani ya maneno yenyewe. Villain, anayeitwa hivyo leo ni mhalifu wa kwenye filamu, lakini asili yake ni mtu wa shamba, mtumishi wa ardhi ya bwana. Kijiji kiligeuzwa kuwa tusi. Kiswahili kimepita njia hiyohiyo bila kufundishwa na mtu: mshamba ni mtu wa shamba, lakini ukimwita mtu hivyo mjini atakasirika. Wanaisimu wana jina la jambo hili, pejoration, na jina hilo limetoka kwenye peior ileile iliyoleta impair. Ni neno kuzidi kuwa baya. Silly zamani lilimaanisha aliyebarikiwa, kisha asiye na hatia, kisha wa kuhurumiwa, mwishowe mpumbavu. Knave alikuwa mvulana tu, akawa mtumishi, akawa laghai.

Worsen haikubadilika maana. Kilichoharibika ni jina la waliokuwa wakiisema.

Ukombozi wake ulianzia sehemu ya milima na maziwa kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Mwaka 1799 mshairi William Wordsworth alihamia Grasmere. Katika dibaji ya mashairi aliyoitoa mwaka 1800 alisema ushairi uandikwe kwa lugha wanayosema watu kweli, hasa watu wa mashambani, ambao hisia zao hazijafunikwa na adabu za mjini. Mwaka 1803 Robert Southey akaja kuishi Keswick, katika nyumba ya Greta Hall, na huko alikaa hadi kifo chake. Mwaka 1813 akawa malenga wa taifa. Mwaka 1809 Thomas De Quincey, mzaliwa wa Manchester, akapanga ile nyumba ya Grasmere ambayo Wordsworth alikuwa ameihama, na mwaka 1821 akapata umaarufu kwa simulizi yake ya uraibu wa kasumba.

Southey na De Quincey walikuwa wasomi wa vitabu vingi, wenye Kilatini cha kutosha. Hawakukosa deteriorate. Lakini waliandika kwa ajili ya magazeti na majarida yaliyosomwa haraka, na waliishi kati ya watu wa kaskazini ambao lugha yao ilihifadhi mengi yaliyosahauliwa na London. Kati ya mwaka 1800 na 1830 hivi, worsen ilianza kuonekana tena katika maandishi ya heshima, na wao wawili wanatajwa miongoni mwa walioirudisha. Waliotunga Kamusi ya Kiingereza ya Oxford walieleza baadaye kwamba neno hili lilikuwa la kawaida katika lahaja, na kwamba lilirejeshwa kama neno lenye ladha ya kinyumbani badala ya deteriorate na wenzake.

Ladha ndiyo sababu. Deteriorate ina silabi tano na hufika masikioni kama barua ya ofisi. Worsen ina mbili, na mtu husikia worse ndani yake kabla hajafika mwisho. Maneno ya Kilatini yalikuja na picha za mzigo, mteremko na uchungu, lakini kwa Mwingereza asiyejua Kilatini picha hizo zilikuwa zimefungwa ndani ya sanduku. Neno la shambani halikuwa na picha yoyote, na kila mtu alilielewa.

Katika karne hiyo wengine walikwenda mbali zaidi. William Barnes, kasisi na mshairi wa Dorset, alitaka kulifukuza kila neno la kigeni. Kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1878 hakukiita cha sarufi, kwa kuwa neno hilo ni la Kigiriki. Aliunda speech-craft, ufundi wa kusema. Watu walimheshimu, wengine wakacheka, na maneno yake mengi yakabaki kwenye vitabu vyake. Kulirudisha neno ambalo bado linaishi vinywani ni rahisi kuliko kuwapa watu neno lililobuniwa mezani. Hata wakuza istilahi wa Kiswahili wanalijua hilo.

Kisha akatokea Joseph Wright wa Yorkshire, aliyeanza kuchunga punda wa machimbo ya mawe akiwa na miaka sita, akafanya kazi viwandani, na hakujua kusoma mpaka alipofika miaka 15. Mtu huyo akawa profesa wa Oxford, na kati ya mwaka 1898 na 1905 akachapisha kamusi ya lahaja za Kiingereza yenye majuzuu sita. Lugha ya mshamba ikapewa rafu yake maktabani, na aliyeipanga alikuwa mtoto wa machimbo na viwanda.

Kamusi kubwa ya Oxford nayo ilikuwa ikiendelea taratibu. Wazo lake lilizaliwa mwaka 1857, James Murray akaanza kuihariri mwaka 1879, na sehemu ya kwanza ikatoka mwaka 1884. Watu wa kujitolea walisoma vitabu vya karne zote na kutuma vipande vya karatasi, kila kimoja na neno, tarehe na sentensi. Murray alifariki mwaka 1915 bila kuona mwisho, na mwenzake Henry Bradley mwaka 1923. Herufi za mwisho, X, Y na Z, zilikuwa fupi, zikamalizika mapema. Iliyochelewa ilikuwa W, kwa kuwa imejaa maneno ya kale ya Kiingereza chenyewe, na mhariri hupata shida zaidi kuyaeleza maneno madogo ya nyumbani kuliko makubwa ya kukopwa. Sehemu ya mwisho kabisa ilitoka Aprili 1928, ikianzia wise na kuishia wyzen, na kamusi nzima ikawa na vidahizo 414,825. Worsen ilikuwa katika sehemu hiyo ya mwisho. Ilifika zaidi ya miaka 40 baada ya wenzake wa herufi A, lakini ilifika na wasifu wake wote: karne ya 13, Milton, shambani, maziwa ya kaskazini.

Leo worsen iko kwenye kila taarifa ya habari. Maneno ya Kilatini hayakufa, yaligawana kazi nayo. Jengo, barabara na akiba ya benki hupenda deteriorate, kwa sababu huoza polepole zenyewe. Exacerbate humtafuta mhusika: ukame umeuzidisha uhaba. Aggravate iligawanyika, upande mmoja ukabaki na kuzidisha, na upande mwingine ukachukua maana ya kumkera mtu. Maana hiyo ilitumika tangu karne ya 17, lakini Henry Fowler bado aliikemea katika kitabu chake cha matumizi ya Kiingereza cha mwaka 1926, na watu wakaendelea kuitumia. Worsen hukubalika mahali popote, iwe hali ya hewa, homa au deni.

Mhariri wa Kiswahili inapomfikia taarifa ya namna hiyo ya Kiingereza, kalamu yake huenda yenyewe kwenye kuzidi kuwa mbaya, au kuharibika. Kuzidi na kuharibu tumevipata kutoka Kiarabu. Mbaya ni neno la Kibantu. Hatuoni tena nani mgeni na nani mwenyeji katika sentensi hiyo, na hakuna msomi anayetuambia tuchague. Maneno yaliyokaa kinywani vya kutosha hupewa uraia bila kuulizwa cheti.

Ila si yote. Ukiifungua kamusi ile kubwa utawakuta worse, worsen na worser wamefuatana, ndugu wa damu moja. Lesser, ambayo Johnson aliitukana, leo inaandikwa na majaji na maprofesa bila mtu kukunja uso. Worsen imerudi mjini. Worser ilibebwa na Shakespeare mwenyewe, lakini baada ya Johnson kuifungia mlango hakutokea mtu wa kuipokea tena, na mtoto anayeiandika shuleni hupigwa mstari mwekundu. Kwa umbo lake haina kosa kubwa kuliko la lesser. Bado iko shamba, inangoja mwandishi atakayepita huko.